Bakuli likiwa na tundu, usikimbilie kito

Msomaji, iwapo umewahi kusafiri kwa basi kutoka Nairobi hadi Mombasa, huhitaji kuelezwa Voi iko wapi. Ni pale usingizi unapokatika, joto linakupiga usoni mara mlango wa basi unapofunguliwa, na kila abiria anakumbuka kwamba hana zawadi ya kuwapelekea wenyeji wake. Ndivyo nilivyolinunua bakuli langu.

Lilikuwa bakuli la mti wa mwembe, lililokerezwa kwa mashine, jembamba ukingoni na zito kitakoni. Ubavuni, mahali palipokuwa na fundo la tawi, palibaki tundu la ukubwa wa sarafu. Fundi alikuwa amelijaza vipande vya jiwe la kijani, akavishika kwa gundi, akapiga msasa hadi pakang'aa.

"Hiyo ni ganeti ya Kasigau, binti yangu. Wazungu wanaivaa vidoleni," mzee huyo aliniambia.

Nami, ambaye pete yangu ya pekee ni ile ya ndoa, nililipa bila kuteta bei.

Majuma machache baadaye mama mkwe alikuja kututembelea. Nilitaka meza ipendeze, hivyo nikapakua pilau likiwa bado linafuka moshi, nikalitia ndani ya bakuli langu la Voi. Katikati ya mlo mama mkwe alisita, akatoa kitu kinywani kwa adabu, akakiweka ukingoni mwa sahani. Mume wangu alicheka na kusema kwamba mchele wa siku hizi una mawe. Mimi nilikuwa nimekwisha kuiona rangi ya jiwe lile. Lilikuwa la kijani.

Mama mkwe hakusema neno. Ni wifi yangu aliyenieleza, siku mbili baadaye na kwa sauti ya chini, kwamba jino lilimeguka.

Bila shaka utauliza, kwa nini sikuandika makala haya kuwaonya watu wasinunue vyombo vya barabarani? Nilikusudia hivyo. Lakini nilipopita Voi tena, bakuli likiwa mkobani na hasira zikiwa tele, niligundua kwamba yule mzee hakunidanganya. Jiwe lilikuwa ganeti ya kweli. Kosa lilikuwa kwingine, na kwa kweli tulikuwa wakosaji wawili.

"Mimi nilikuuzia pambo," alisema, akiligeuza bakuli mikononi. "Habari za pilau hukuniambia."

Nyuma ya kibanda chake, karibu na mashine inayozungushwa na mota ya pampu kuukuu, palikuwa na rundo la mabakuli yaliyotupwa. Yote yalikuwa na matundu. Bakuli la namna hiyo huuzwa kwa nusu ya bei au huishia mekoni kuchemsha chai. Ndiyo maana fundi hutafuta cha kuzibia. Kukereza bakuli ni kazi ya siku nzima, na mti wenyewe huchukua miaka mingi kukua. Akiziba vizuri, lile tundu ndilo linalomuuzia bakuli. Akiziba vibaya, jino la mama mkwe wa mtu litalipa.

FUNDO NI NINI HASA

Tawi huanzia ndani kabisa ya shina, na kila mwaka shina linaponenepa hulizingira. Tawi likiwa hai, nyuzi zake na za shina hushikana, na mti ukipasuliwa utaona jicho zuri lililokaza. Mafundi hufurahia fundo la aina hiyo. Lakini tawi likikauka au likikatwa, shina huendelea kunenepa na kulifunika pamoja na gome lake bila kushikana nalo. Hilo ni fundo mfu. Hukaa ndani ya mbao kama kizibo ndani ya chupa, na bakuli linapozunguka mashineni fundo hilo huchomoka na kuruka (wakati mwingine huruka kuelekea jicho la fundi). Hubaki tundu, na kandokando yake ganda jembamba la gome.

Gome hilo ndilo lililoniponza. Mzee alimimina gundi bila kulikwangua. Gundi ilishika gome barabara, lakini gome lenyewe halikuwa limeshika kitu.

Jambo la pili ni hewa. Voi ni kukavu, Mombasa ni kwenye unyevu, na ukipanda milima hadi Wundanyi utakuta ukungu na baridi. Mbao hunywa unyevu huo na kuutoa, hivyo hutanuka na kunywea, hasa kwa upande wa mapana ya nyuzi. Jiwe halifanyi hivyo, na gundi iliyokauka ikawa ngumu kama kioo haifanyi hivyo pia. Bakuli lililokerezwa kutoka kwa mti mbichi na kujazwa siku hiyohiyo litanywea, na tundu litabadilika umbo huku kilichomo kikibaki vilevile. Hapo ndipo ufa mwembamba kama unywele huanzia. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua rangi yoyote, hakikisha mbao imekauka. Mafundi wenye subira hukereza bakuli likiwa nene, wakaliweka kivulini kwa miezi kadhaa, kisha wakalimaliza.

NCHI YA VITO

Sasa tuingie katika uchaguzi wenyewe. Katika kaunti ya Taita Taveta kishawishi ni kikubwa, kwani ardhi yenyewe imejaa vito. Kule Mangari kuna yakuti nyekundu. Kuanzia Mwatate hadi Kasigau wachimbaji wadogo hutafuta ile ganeti ya kijani ambayo kampuni ya Tiffany ya New York iliipa jina la tsavorite mwaka 1974, kutokana na Tsavo yetu. Kito kisafi huuzwa na kwenda ng'ambo. Vipande vyenye nyufa na chembechembe visivyofaa kukatwa hubaki, na fundi wa mbao akiviona hujiambia kwamba amepata cha kuziba matundu yake.

Ninyi wanafunzi mtakumbuka kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa mawe kilichotungwa na Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812. Huanzia 1, ulipo ulanga laini wa poda, hadi 10, ilipo almasi. Ukucha wako uko kwenye 2 na nusu hivi. Kioo cha dirisha ni 5 na nusu. Ganeti ya kijani ni 7 na ushee. Yakuti ni 9.

Chukua karatasi ya msasa uiangalie. Ile yenye rangi ya kahawia inayopendwa na mafundi wa mbao, mara nyingi punje zake ni ganeti iliyosagwa. Na ile ya kupigia chuma, punje zake ni oksidi ya alumini, yaani kitu kilekile kinachounda yakuti ingawa hakina uzuri wake. Kwa maneno mengine, fundi anayejaza tundu kwa yakuti kisha akachukua msasa anajaribu kusugua msasa kwa msasa. Jiwe halitasawazika. Mbao laini iliyo pembeni ndiyo itakayolika, na jiwe litabaki limechomoza kama chunusi. Patasi nayo ikiligonga itapoteza makali, au itang'oa vipande ambavyo baadaye vitaangukia ndani ya pilau.

Mzee wangu aliniambia alipoteza makali ya patasi mbili kabla ya kuamua kusugua taratibu kwa mkono. Uso aliopata ulikuwa unang'aa, naam, lakini vipande vilikuwa vimelegea chini kwa kutikiswa kupita kiasi.

Hapana haja ya kusema kwamba vito havifai kabisa. Wenzetu wa Arizona na New Mexico, kule Marekani, wamejipatia jina kwa mabakuli ya mti waitao meskite ambayo matundu yake hujazwa feruzi, lile jiwe la samawati. Watalii huyapenda mno. Lakini tazama: feruzi ni 5 au 6 katika kipimo kile, na huweza kusawazishwa kwa msasa wa kawaida. Isitoshe, ni jiwe la palepale na mti wa palepale, hivyo mnunuzi akilibeba bakuli amebeba jimbo zima. La kuchekesha ni kwamba meskite ni ndugu wa mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa nchini kuanzia miaka ya 1970 kuzuia jangwa na ambao umewatesa wafugaji wa Baringo na Tana River. Mbao yake ni ngumu, nzuri, na imejaa matundu. Huku kwetu huchomwa makaa.

KINACHOFAA

Baada ya kuzungumza na mzee na mafundi wengine, na baada ya kuharibu vipande kadhaa vya mbao nyumbani mwenyewe, haya ndiyo niliyoyaona.

Kahawa ndiyo iliyonishangaza. Machicha ya kahawa, yakikaushwa juani hadi yasibaki na unyevu hata kidogo, yakichanganywa na ile gundi ya mirija miwili ambayo wengi wetu huiita Araldite, hutoa rangi ya hudhurungi iliyoiva inayofanana na fundo lenyewe. Mtu asiyejua atadhani mti ulizaliwa hivyo. Husawazika kwa urahisi na gharama yake ni sifuri ikiwa nyumbani mnakunywa kahawa. Yasipokauka vyema, hata hivyo, gundi haitashika sawasawa na ukungu unaweza kuingia.

Unga wa mbao yenyewe ndiyo njia ya wengi, lakini binafsi siipendi sana. Fundi huokota vumbi chini ya mashine, akalitia gundi na kuziba. Likikauka huwa jeusi kuliko bakuli, na hapo huonekana kama kiraka cha suruali. Afadhali kutumia unga wa mti mwingine wenye rangi tofauti kabisa, ule wa mpingo mweusi juu ya mwembe, kwa mfano, ili macho yaone kwamba ni kusudi. Mpingo na muhugu zimeadimika, na tangu miaka ya 1990 wachongaji wamekuwa wakihimizwa kutumia mwarobaini, mwembe na jakaranda badala yake. Hivyo unga wa mpingo uwe ni wa mabaki tu.

Kisha kuna shaba ya njano. Nenda kwa fundi wa funguo mjini, yule mwenye kibanda kidogo pembezoni mwa barabara, umwombe vumbi linaloanguka chini ya mashine yake. Pitisha sumaku juu ya vumbi hilo ili uondoe chembe za chuma ambazo zingeshika kutu. Shaba ni laini, haiumizi patasi, na ikipigwa msasa hadi namba 400 humeta kama dhahabu. Na si jambo geni kwetu. Viti vya miguu mitatu vya wazee wa Kikamba vimepambwa kwa nyaya za shaba zilizopigwa ndani ya mbao tangu zamani, na mpaka leo makumbusho ya ng'ambo huvionea fahari.

Ikiwa moyo wako bado unataka jiwe, tafuta jiwe la sabuni kutoka Tabaka kule Kisii. Ukucha unaweza kulikwaruza. Ponda vipande vya waridi au vyeupe, chekecha, ujaze. Tafadhali usitumie kinu cha jikoni, na ufunge pua na mdomo kwa barakoa nzuri, maana vumbi la jiwe lolote huumiza mapafu. Malakaiti ya kijani inayotoka Congo pia ni laini, 4 hivi, na rangi yake hushinda hata ganeti, lakini ina shaba ndani yake na vumbi lake ni sumu. Mimi ningewaachia wenye vifaa.

Chochote utakachochagua, kazi ya kushikiza ni ileile. Kwangua gome lote hadi ufikie mbao safi. Chimba tundu liwe pana zaidi ndani kuliko mdomoni, mfano wa chungu, ili kijazo kisiweze kutoka hata kikilegea. Paka vanishi nyembamba kandokando ili gundi isitie madoa kwenye mbao nyeupe. Ziba upande wa chini kwa utepe, umimine kidogo kidogo, na usubiri siku nzima. Ile gundi ya haraka inayouzwa kwa vichupa vidogo madukani inafaa nyufa nyembamba. Kwa tundu kubwa huvunjika kama kaukau.

KISICHOFAA

Voi imepakana na mbuga ya Tsavo, na siku moja mtu atakuletea kipande cheupe akakuambia kitapendeza kwenye tundu. Usikiguse. Kenya ilichoma tani 105 za pembe za ndovu Aprili 2016, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 haiulizi kama kipande kilikuwa kikubwa au kidogo kama punje ya mchele. Ukitaka weupe, mfupa wa ng'ombe uliochemshwa na kukaushwa unatosha, na usimwambie mnunuzi kwamba ni pembe hata kwa mzaha.

Vito navyo vina sheria yake. Kwa mujibu wa Sheria ya Madini ya mwaka 2016, anayefanya biashara ya madini sharti awe na leseni. Mzee wangu hununua vipande vyake mfukoni mwa vijana wanaopita. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba vijana hao wana njaa na yeye ana matundu. Sikuwa na jibu. Lakini askari akija, yeye ndiye atakayekutwa na mawe yasiyo na stakabadhi.

Kuhusu chakula sitapindisha maneno. Gundi ya mirija miwili ya kawaida huanza kulegea joto linapofika nyuzi 60 hivi, na pilau linalotoka jikoni limepita hapo mbali. Shaba nayo ikikutana na ndimu au ukwaju huota ule utando wa kijani usiofaa kuliwa. Kwa hiyo bakuli lililojazwa, la kitu chochote kile, ni la matunda yenye maganda, la karanga zisizomenywa, la funguo na sarafu. Muuzaji anapaswa kusema hivyo kabla ya kupokea pesa. Na wewe mnunuzi unapaswa kuuliza. Mimi sikuuliza.

Kuna njia nyingine ambayo mafundi wengi hawaitaji, huenda kwa sababu haina kazi ndani yake. Ni kuliacha tundu lilivyo. Likwanguliwe, kingo zake zilainishwe kwa msasa, lipakwe nta ya nyuki, basi. Mwanga hupita ndani yake na chungwa huchungulia. Katika mabakuli yote niliyoyaona kwa yule mzee, lililonivutia zaidi lilikuwa moja la mwarobaini lenye tundu wazi ambalo alikuwa amelitupa kwenye rundo la kuni.

Mzee alilitengeneza upya bakuli langu bila malipo. Aling'oa ganeti yote, akakwangua gome, akachimba kama chungu, akatia kahawa na kidogo cha shaba iliyotoka kwa fundi wa funguo. Aliniomba nimpelekee salamu mama mkwe, nami nikamwomba aniuzie na lile la mwarobaini.

Krismasi iliyopita mama mkwe alikuja tena. Mabakuli yote mawili yalikuwa mezani, yamejaa machungwa na maembe. Aliliinua la kwanza, akapitisha kidole gumba juu ya fundo, akalirudisha. Akachukua la mwarobaini, akatia kidole ndani ya tundu kikatokea upande wa pili.

"Hili," akasema, "hakuna mtu aliyelitia mawe?"

Nikamwambia hakuna. Alipoondoka, aliondoka nalo.